Matangazo ya kompyuta za gemu yaandike jina zima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako niongelee kompyuta za mezani za kuchezea gemu, maana watu wanaumizwa hela zao na sioni anayelisema hadharani. Mi ni fundi kompyuta hapa Dar es Salaam na kesi zinazonifikia zinafanana mno, mtu kauziwa mashine ya gemu, kafika nyumbani kaweka gemu lake, picha inakatakata au gemu halifunguki kabisa, mzazi anadhani dogo kaharibu, dogo anadhani ni virusi, nikifungua nakuta mashine ni nzima haina ugonjwa wowote, ila haikuwahi kuwa ya gemu tangu siku inatoka kiwandani. Na tangazo bado analo kwenye simu: Core i7, RAM 16, grafiki 4GB, taa za rangi, maelewano yapo. Sasa hapo mnunuzi kaambiwa nini?

Ombi langu kwako na kwa wafanyabiashara wanaotangaza kwenye kurasa zako ni kwamba jina zima liandikwe. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, jina lake zima, kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, jina lake zima, pawa saplai, ile inayogawa umeme ndani ya mashine, na wati zake. Naomba univumilie nieleze kwa nini, maana juu juu linaonekana jambo dogo.

Nianze na hii i7 ambayo ndo inavuta watu wengi. Intel, kampuni inayotengeneza prosesa hizo, walianza kutumia jina la i7 mwaka 2008 na wakaendelea nalo miaka kama kumi na tano, kwa hiyo ukiambiwa i7 peke yake hujui kama unauziwa kitu cha juzi au kitu kilichotoka wakati huyo dogo hajazaliwa. i7-2600 ni ya mwaka 2011, ina kore 4, yaani vichwa vinne vya kufanyia kazi, na nyuzi 8, yaani inashika kazi nane kwa wakati mmoja. i3-12100 ni ya 2022, nayo ina kore 4 na nyuzi 8, lakini kwenye gemu inaiacha ile i7 mbali sana, na hiyo ni i3 ambayo watu wanaidharau dukani. Namba za baada ya kistari ndo zinazosema ukweli, 2600 ni jeneresheni (kizazi) ya pili, 3470 ya tatu, 8500 ya nane, 12400 ya kumi na mbili. Ukizisoma hizo hata mama ambaye hajawahi kugusa kompyuta anajua anaulizia nini. Muuzaji anayezijua na hazitaji, anazificha kwa makusudi, mi naliita hivyo hivyo.

Sasa mashine zenyewe. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini kama za gemu ni zilizotumika maofisini huko nje, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Sizipondi, tena nazipenda, ni vyuma vigumu, fundi yeyote anavifungua bila kuhangaika na spea zake zipo. Na prosesa zake si mbaya kama watu wanavyodhani. GTA V ilipotoka kwenye kompyuta Aprili 2015, prosesa iliyopendekezwa na watengenezaji wenyewe ilikuwa i5-3470, na hiyo ndo unaikuta kwenye OptiPlex 7010 kibao. Lakini hao hao walipendekeza na kadi ya grafiki, GTX 660 ya 2GB, na kwenye ile OptiPlex ya ofisini kadi hakuna, kuna grafiki ndogo ya ndani ya prosesa inaitwa Intel HD 2500 ambayo iliwekwa kwa ajili ya Word na Excel. Mtu anaona prosesa ile ile iliyoandikwa kwenye mahitaji ya gemu anasema tayari, kumbe bado nusu nzima ya mashine haipo.

Halafu hizo mashine za ofisi zinakuja kwa maumbo tofauti na hili halitajwi kabisa kwenye matangazo. Kuna ndogo kabisa kama kitabu, ile haina hata sehemu ya kuchomeka kadi ya grafiki, ukinunua umemaliza, huongezi kitu. Kuna ile nyembamba ya kulaza, inakubali kadi fupi tu, zile za kimo cha chini, nazo ni chache sokoni na bei yake iko juu kuliko kadi kubwa ya jina hilo hilo. Na kuna tawa, ile ndefu ya kusimama, na kwa mtu wa gemu hiyo ndo ya kuulizia hata kama inajaza meza. Zote tatu zinaweza kuwa na stika moja mbele na prosesa moja ndani. Unaona picha ya mbele tu kwenye simu, huwezi kujua, mpaka ikifika ndo unagundua kadi haingii.

Kadi ya grafiki ndo roho ya gemu na ndo sehemu inayodanganyiwa kuliko zote. Maneno "grafiki 4GB" hayana maana yoyote yakisimama yenyewe. GT 730 ya 4GB ipo, na haifui dafu mbele ya GTX 750 Ti ya 2GB, kwa sababu hizo GB ni memori tu, kazi inafanywa na chipu yenyewe. Hata jina likiwa lile lile bado unaweza kupigwa. GT 1030 imetoka aina mbili, ya memori ya GDDR5 ambayo inasafirisha 48GB kwa sekunde, na ya DDR4 ambayo ni 16.8GB tu, chini ya nusu kabisa, na kwenye boksi zote zimeandikwa GT 1030 kwa herufi kubwa. RTX 3050 nayo hivyo hivyo, kuna ya 8GB inayokula wati 130 na kuna ya 6GB iliyotoka 2024 inayokula wati 70, tofauti yao si memori peke yake, ile ya 6GB hata kore zake zimepunguzwa. Ndo maana nasema jina zima mpaka aina ya memori, si kujifanya mjuaji.

Na kuna feki. Hizi zinaniuma kuliko zote kwa sababu mnunuzi hana namna ya kuziona kwa macho. Wanachukua kadi ya zamani sana kama GTS 450 wanaibadilisha programu yake ya ndani, ikichomekwa Windows inasoma GTX 1050 Ti, kila kitu kinaonekana sawa mpaka ufungue gemu ndo inazima au inaganda. Kuna programu ya bure inaitwa GPU-Z, ndogo tu inaingia kwenye flashi, tangu 2018 inazitambua nyingi na inaandika kabisa mbele ya jina kwamba hii ni feki. Mnunuzi aende nayo dukani. Muuzaji mwaminifu hawezi kuchukia ukimwambia kaka naomba niichomeke hii nione, wengi wanakubali na wengine wanakusaidia kuifungua, na akikataa basi we mwenyewe umeshapata jibu.

Tuje kwenye umeme wa ndani ya mashine maana hapa ndo kadi nzuri zinapokufa. Ile sehemu ya kuchomeka kadi kwenye mazabodi, lile bao kuu la ndani, inatoa mwisho wati 75. Kadi inayotosheka na hizo, mfano GTX 1050 Ti nyingi au GTX 1650 zisizo na tundu la waya wa ziada, unaichomeka kwenye OptiPlex au EliteDesk ya tawa na maisha yanaendelea. Lakini mtu anaenda kununua RX 580 kwa sababu kaikuta bei nzuri, ile inakula wati 185 na inataka waya wake peke yake, na pawa saplai ya OptiPlex 9020 ya tawa nzima ni wati 290 na haina waya huo. Anaambiwa badilisha pawa saplai tu. Kubadilisha si "tu", Dell wa jeneresheni hiyo wameweka tundu la pini 8 kwenye mazabodi badala ya pini 24 za kawaida, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haiingii mpaka upate adapta yake, na HP wa miaka hiyo wana pini zao nyingine tofauti kabisa. Yote haya yangejulikana kabla ya hela kutoka kama tangazo lingesema mashine gani, tawa au nyembamba, wati ngapi.

Na zile pawa saplai zisizo na jina zilizoandikwa 500W ubavuni, nyepesi ukiinyanyua unajiuliza kama ndani kuna kitu, naomba watu waziache. Hizo wati zilizoandikwa zipo kwenye karatasi tu, gemu likiwa zito inazima, na ikiungua inaweza kuondoka na mazabodi na kadi pamoja. Bora mtu apunguze kwenye kesi (boksi la nje) ya vioo na feni za rangi, taa haziongezi hata fremu moja, yaani picha moja ya gemu kwa sekunde, hiyo hela iende kwenye pawa saplai ya kampuni inayojulikana yenye alama ya 80 Plus, inayoonesha haipotezi umeme mwingi. Nimeshuhudia bajeti ambazo kesi na taa zimekula zaidi ya kadi ya grafiki, na kijana wa watu hana kosa, ndo kitu alichooneshwa kwenye picha.

Kuna suala la Windows ambalo sasa limekuwa zito na wauzaji wengi wananyamaza nalo. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel kuanzia jeneresheni ya 8, au Ryzen, prosesa za kampuni ya AMD, kuanzia za 2000, pamoja na kitu cha usalama kinaitwa TPM 2.0. Mtu atakuambia zipo njia za kuiingiza kwenye mashine ya zamani, ni kweli zipo, lakini kwa mchezaji wa gemu haiishii hapo, kwa sababu Valorant, gemu la risasi la mtandaoni, ukiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (kinga ya wakati mashine inawaka) viwe vimewashwa la sivyo haikuingizi, na Battlefield 6 iliyotoka 2025 inadai Secure Boot. Kwa hiyo leo hii mtu anayenunua mashine ya jeneresheni ya 3 au ya 4 kwa ajili ya gemu za mtandaoni anapaswa aambiwe wazi kabisa kwamba baadhi ya milango imeshafungwa. Kwa PES za zamani, GTA V ya mwenyewe bila mtandao, gemu za mbio za magari za miaka ile, mashine hiyo bado ni halali na itampa raha. Lalamiko langu si kwamba inauzwa, kinachonikera ni kuuziwa mtu anayetaka Valorant.

Na ndo maana mteja akinijia swali langu la kwanza ni gemu gani, kabla hata sijauliza bajeti. Wazazi wanashangaa, wanadhani nimewakwepa. Lakini mtoto anayecheza mpira, EA Sports FC 26, mahitaji yake ya chini yanaanzia i5-6600K, RAM (memori ya kufanyia kazi) 8GB na GTX 1050 Ti, na nafasi ya 100GB kwenye diski, na hayo ni ya chini kabisa ya kufungua tu. Anayecheza Counter-Strike 2 (CS2) peke yake anahitaji prosesa yenye nguvu kuliko anavyohitaji kadi kubwa. Anayetaka kucheza na pia anaedit video za harusi wikiendi, huyo RAM 16 aihesabie ni mwanzo. Watatu hawa ukiwauzia mashine moja, wawili utakuwa umewaibia, hata kama hukukusudia.

Kwa mwenye kuanza na hela kidogo na anataka kitu kipya, ushauri wangu siku zote ni Ryzen yenye herufi G mwishoni, kama 5600G, maana hiyo ina grafiki ya ndani inayoeleweka, unacheza Valorant, CS2 na mpira kwa picha za chini au za kati bila kadi, halafu hela ikipatikana unaongeza kadi baadaye kwenye mashine ile ile. Ila RAM iwe vipande viwili, 8 na 8, si kipande kimoja cha 16, kwa sababu grafiki ya ndani inakula kwenye RAM na vipande viwili vinafungua njia mbili, tofauti yake kwenye gemu unaiona kwa macho. Hapa pia tangazo likisema "RAM 16" peke yake limekunyima habari. Na kwa upande wa Intel muwe macho na herufi F, i5-12400F haina grafiki ya ndani hata kidogo, ukiinunua bila kadi unawasha skrini inabaki nyeusi, na watu wanarudisha dukani wakidhani ni mbovu. Nao wanaotaka kujenga mashine mpya wajue kwamba tangu mwishoni mwa 2025 RAM zimepanda bei dunia nzima kwa sababu viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye mitambo ya AI, kwa hiyo mtu akikuta mashine iliyotumika yenye RAM ya DDR4 vipande viwili ndani, asiione kama kitu kidogo.

Diski nisiiseme sana, SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, basi. Gemu za leo kwenye hadidiski ya kuzunguka ni mateso.

Monita watu wanasahau. Kadi nyingi za miaka hii hazina tundu la VGA, lile la zamani la waya wa monita, na zile monita za mtumba za ofisini nyingi zina VGA, kwa hiyo adapta inahitajika na ile ya bei rahisi kabisa inasumbua. Na ukishaweka kadi, waya wa monita uchomekwe kwenye kadi chini pale, usichomekwe juu kwenye mazabodi, hili naliandika kwa sababu watu wazima wenye akili zao wameishi na kadi nzuri bila kuitumia, gemu lote linachezwa na grafiki ya ofisini. Hertz 144, yaani monita kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, ni nzuri kama kadi inaweza kutoa fremu hizo, kama haiwezi 60 inatosha kabisa.

Kwetu hapa lazima niongelee na umeme wa ukutani, kwa sababu ushauri mwingi watu wanaosoma umeandikwa na watu ambao kwao umeme haukatiki. Ukikatika na kurudi ghafla ndo hatari yenyewe, SSD na pawa saplai ndo zinaumia. UPS, betri inayoshika mashine umeme ukikatika, inunuliwe na mashine, siku moja, isisubiri. Lakini VA, kipimo kinachoandikwa kwenye UPS, si wati, UPS iliyoandikwa 650VA haibebi wati 650, nyingi zinabeba karibu na nusu yake au zaidi kidogo, na monita nayo ihesabiwe. Halafu joto la Dar na vumbi, mashine iliyofungwa kwenye kabati la meza bila upepo itapunguza kasi yenyewe kujilinda, dogo atasema gemu linaganda baada ya nusu saa, na dawa yake ni kuitoa kabatini, kupuliza vumbi na kubadilisha ile pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa ambayo kwenye mashine za ofisi mara nyingi imeshakauka kama chaki. Mashine iliyotumika miaka saba, pesti ni jambo la kwanza, kabla ya kuongeza chochote.

Najua wafanyabiashara watasema wateja hawaelewi hizo namba na tangazo refu ni hela. Mteja hataelewa kamwe kama haandikiwi, na hata asipoelewa yeye, atamtumia mtu anayeelewa, mpwa wake, jirani, fundi, atamuuliza hii vipi. Kwa tangazo la "i7 grafiki 4GB" hata mi mwenyewe siwezi kumjibu, namwambia tu waulize, na akiuliza anaambiwa njoo dukani. Akishapanda daladala mbili na hela iko mfukoni na mtoto yuko pembeni anaangalia taa za rangi, hapo maswali yameisha.

Pia naomba maduka yaruhusu kujaribu. Si kuwasha tu mpaka Windows itokee, hapana, kufungua gemu au programu ya kupima na kuiacha nusu saa inafanya kazi, kwa sababu kadi iliyochoka na pawa saplai dhaifu vinajionesha vikishapata joto. Na waranti iandikwe kwenye risiti, kadi ya grafiki itajwe kwa jina na namba yake, si "kompyuta 1".

Kuhusu urefu wa tangazo, nimejaribu kuliandika mwenyewe na linaingia kwenye mistari michache ya safu yako: Dell tawa, i5-8500, RAM 16GB DDR4 (8 mara 2), SSD 512GB, GTX 1650 GDDR6 4GB isiyo na waya wa ziada, pawa saplai ya Dell na wati zake, Windows 11, kujaribu nusu saa ruksa, waranti kwenye risiti. Bei na namba ya simu vinafuata hapo hapo.

Msomaji wako,
Fundi kompyuta,
Temeke, Dar es Salaam